Behewa la abiria likikusumbua: tafuta mkosaji kabla hujanunua jingine

Treni yako ya modeli, ile ndogo ya mezani, inazunguka vizuri ikiwa na mabehewa mawili. Ongeza la tatu, na likifika kona ya karibu na mlango linanyanyua gurudumu moja, linainama kama mtu anayechungulia dirishani, kisha linalala ubavu. Unalirudisha relini, linaanguka palepale.

Nilipoanza mchezo huu hapa Ujerumani nilikuwa na boksi la viatu nililoliandika MABOVU. Kila behewa lililoanguka mara tatu liliingia humo. Boksi lilipojaa, nikaketi Jumamosi moja nikayakagua yote kumi na moja. Mabovu kwelikweli yalikuwa mawili. Tisa yalikuwa mazima, ila yamevishwa magurudumu ya mfumo mwingine, au kulabu zisizopatana, au yana nywele za paka kwenye ekseli.

Behewa la abiria halina mota wala gia. Ni sanduku refu, bogi mbili, ekseli nne, kulabu mbili za kuliunganisha na majirani, basi. (Nyumbani tukisema bogi mara nyingi tunamaanisha behewa zima. Humu bogi ni kile kigari cha ekseli mbili kinachogeuka chini ya behewa.) Kinacholitesa ni urefu. Chukua yale mabehewa ya rangi ya fedha waliyoyaita Silberling, yaliyobeba wafanyakazi wa Ujerumani Magharibi asubuhi na jioni tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. La kweli lina mita 26.4. Kwa kipimo cha H0, yaani 1:87 (la modeli ni dogo mara 87 kuliko la kweli), hiyo ni sentimita 30.3. Sasa lipitishe kwenye kona ya Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za modeli, yenye nusukipenyo cha milimita 360. Kosa dogo ambalo gari fupi la mizigo lingelimeza kimya kimya, behewa hili linalitangaza.

## Kabla hujashika bisibisi

Angalia linaanguka wapi na lini. Mabehewa mbalimbali yakianguka mahali pamoja, kosa ni la reli: kiungo kilichoinuka, msumari uliotokeza, kona iliyopinda vibaya. Behewa moja likianguka kila mahali, kosa ni la behewa. Likianguka linaposukumwa tu na likivutwa linatulia, shuku kulabu. Likianguka treni inapokuwa ndefu tu, fikiria uzito.

Kisha ligeuze, mbele iwe nyuma. Bogi iliyokuwa inaanguka kwanza ikiendelea kuanguka hata ikiwa nyuma, umeipata. Ikitulia, na ile nyingine ikaanza fujo, basi tatizo liko kwenye kulabu ya jirani au kwenye reli. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha magurudumu, kulabu na uzito jioni moja, hata treni ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

## Ukiliweka relini tu, umeme wote unakatika

Hii ndiyo inayowachanganya wengi wanaonunua mitumba, kwa sababu behewa linaonekana jipya kabisa, halina hata mkwaruzo, na bado treni zote zinasimama.

Kuna familia mbili za H0. Moja ni ya reli mbili zenye umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja: reli ya kulia upande mmoja wa saketi, ya kushoto upande wa pili. Ya pili ni ya Märklin, yenye umeme wa AC, unaogeukageuka upande: reli zote mbili ni upande mmoja, na upande wa pili unapita kwenye vichwa vidogo vya chuma katikati ya njia. Kwa hiyo gurudumu la Märklin halina haja ya kihami, yaani kitu cha kuzuia umeme usipite. La kulia, ekseli na la kushoto ni chuma kimoja. Weka behewa lenye magurudumu hayo kwenye reli mbili za DC, na kila ekseli inakuwa daraja la umeme kutoka reli hadi reli. Shoti.

Chukua maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iweke kwenye mlio, gusa magurudumu mawili ya ekseli moja. Ikilia, ekseli hiyo ni ya AC. Dawa ni kubadilisha ekseli zote nne, si kuuza behewa. Ekseli za kubadilishia zinauzwa peke yake. Cha muhimu upime urefu wa ekseli kutoka ncha hadi ncha kwa kalipa kabla ya kuagiza, maana viwanda havikukubaliana urefu. Ekseli ndefu kupita kiasi inakwama, fupi inacheza na kudondoka.

Ukifanya kinyume, behewa la DC kwenye njia ya Märklin, hutapata shoti. Utapata jambo la kimya zaidi: behewa linapita kwenye kipande cha reli kinachopaswa kuwasha signali, na signali haiwaki. Kipande kile hutegemea ekseli ya chuma kitupu kuunganisha reli mbili, na yako ina kihami.

Shoti ya aina ya pili ilinila jioni tatu. Behewa la DC lenye taa lilikuwa likifanya kazi miezi kadhaa. Nikalitoa magurudumu kuyasafisha, nikayarudisha, shoti. Nikafungua paa, nikakagua nyaya, nikalehemu upya pasipohitaji kulehemiwa. Kumbe kwenye behewa lile kila ekseli ilikuwa na kihami upande mmoja tu, na bogi ilikuwa ya chuma iliyochukua umeme kupitia gurudumu lisilo na kihami. Ekseli moja nilikuwa nimeirudisha kinyume. Kihami chenyewe ni pete nyeusi nyembamba karibu na kitovu cha gurudumu, pana kama unyasi, na jioni chini ya taa ya njano haionekani. Sasa kabla ya kutoa ekseli ninaweka nukta ya wino upande wenye pete.

## Linaruka kwenye pointi

Pointi, pale njia moja inapogawanyika mbili, ndiyo mtihani wa magurudumu. Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa reli mbili iwe karibu milimita 14.4. Magurudumu ya Märklin yako karibu zaidi, kama 14 hivi. Yakiwa karibu mno, mgongo wa gurudumu unabanwa na reli ya ulinzi, ile fupi ya ndani inayoongoza gurudumu kwenye pointi, na behewa linapanda juu. Yakiwa mbali mno, mdomo wa gurudumu (ule ukingo uliotokeza unaolishika relini) unagonga ncha ya pointi na bogi inafuata njia isiyo yake, huku bogi ya nyuma ikifuata njia sahihi. Hapo ndipo unaona behewa limekaa mshazari juu ya njia mbili, kama basi lililokata kona bila kuangalia.

Ekseli nyingi unaweza kuzirekebisha kwa mkono: shika magurudumu mawili, zungusha huku ukivuta au kusukuma polepole, pima tena. Pima sehemu tatu za mzunguko. Namba zikitofautiana, gurudumu limekaa upogo na litayumba daima. Tupa, weka jipya.

Mabehewa ya zamani, hasa ya bei nafuu ya miaka ya 1970, yana midomo mirefu ya magurudumu. Kwenye reli za zamani zilizoinuka juu hayana shida. Kwenye reli za kisasa zenye kimo kidogo, kama zile za kimo cha milimita 2.1, midomo inagonga vishikizo vya ndani vya reli na unasikia tak-tak-tak kwa kila taruma. Usijaribu kupiga tupa. Badilisha ekseli.

## Linaanguka kwenye kona

Hapa kuna sababu nyingi, na huja kwa pamoja, ndiyo maana nitakaa.

Anza na bogi yenyewe. Pindua behewa, geuza kila bogi kwa kidole hadi mwisho wa kulia na wa kushoto. Inapaswa kugeuka bila kukwaruza na kurudi bila kusita. Ikikwama, tafuta waya wa taa uliojipitisha mahali pabaya, ngazi ya mlango iliyobandikwa chini mno, au skrubu iliyokazwa kwa nguvu ya hasira. Kwa skrubu mimi hufanya hivi: bogi moja naikaza hadi igeuke tu bila kuyumba pembeni, nyingine naiacha ilegee kidogo ili iweze kuinama kulia na kushoto. Ni kanuni ya kigoda cha miguu mitatu, hakitetereki hata sakafu ikiwa mbaya. Bogi mbili zilizokazwa sawasawa ni meza ya miguu minne kwenye udongo.

Kisha kulabu. Mabehewa marefu ya miongo ya karibuni hayana kulabu iliyofungwa moja kwa moja. Yana mkono unaoteleza: kwenye njia iliyonyooka behewa na behewa karibu yagusane, kwenye kona mkono unarefuka na kuyatenganisha ili pembe zisigongane, kisha springi ndogo inaurudisha katikati. Mtambo mzuri sana, ila una masharti mawili. La kwanza, vichwa viwili vya kulabu vishikane kama fimbo moja ngumu. Kulabu za zamani za kitanzi na ndoano zinachezacheza, kwa hiyo mkono haupati amri ya kurefuka, na ukisukuma treni kinyumenyume bafa (vile visukumio vya nchani mwa behewa) zinafungana na behewa linang'olewa njiani. La pili, springi iwepo. Sukuma mkono kwa ukucha pembeni, uachie. Usiporudi katikati wenyewe, springi imetoka kwenye kijino chake au imepotea. Ni ndogo kama ya kalamu ya wino lakini nyembamba zaidi, na ikiruka kwenye zulia, isomee dua.

Vichwa vya kulabu vingi vinaingia kwenye mfuko wa kipimo kimoja kinachoitwa NEM 362. Unavuta kimoja moja kwa moja nje, unapachika kingine mpaka kisikike kubana. Kwa hiyo huna udhuru wa kuchanganya kulabu za kampuni za Roco, Fleischmann na Märklin kwenye treni moja. Chagua aina moja, vaa treni nzima. Kichwa kikining'inia chini kuliko cha jirani, kwenye mwinuko wa reli vitaachiana, na nusu ya treni itarudi bondeni bila dereva.

Mwisho uzito. Chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za modeli, NMRA, kinashauri kwa H0 aunsi moja, ukiongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa la sentimita 30 inafika karibu gramu 200. Kwa mabehewa ya Ulaya naona ni mzigo mkubwa kwa injini nyingi. Mimi huridhika na gramu 130 hivi, mradi yote yalingane. Lipime kwenye mizani ya jikoni. Likikosa, nenda kwa fundi wa matairi uombe vile vipande vya gramu 5 vinavyobandikwa ndani ya rimu wakati wa kusawazisha magurudumu. Vibandike chini, sakafuni, juu ya bogi zote mbili kwa kiasi sawa. Ukiviweka karibu na paa umeunda mlevi.

Na behewa jepesi lisitangulie mazito. Kwenye kona injini inavuta mbele, mazito yanavuta nyuma, na jepesi lililo katikati linanyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo na kuanguka upande wa ndani. Ukiona linaangukia ndani, ndicho hicho. Likiangukia nje, mara nyingi ni mwendo wako.

## Injini inahema, treni haiendi

Weka ubao wa mita moja wenye reli, inua ncha moja kwa sentimita 2, weka behewa juu, liachie. Lianze kutelemka lenyewe. Lisipotelemka, toa ekseli na uangalie ncha zake chini ya mwanga. Utakuta nywele na nyuzi za zulia zimejizungusha, ngumu kama uzi wa cherehani. Zikate kwa wembe, zitoe kwa kibano. Utakuta pia oili ya zamani iliyogeuka utomvu. Ifute kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili.

Baadaye usimwage oili nyingine. Ekseli ya chuma yenye ncha kali ndani ya bogi ya plastiki inakwenda vizuri ikiwa kavu, na ukiona lazima, unga wa penseli unatosha. Ila unga huo unapitisha umeme, kwa hiyo mbali na mabehewa yenye taa.

Kwenye mfumo wa Märklin kuna mzigo mwingine. Behewa lenye taa lina ubapa wa chuma chini yake unaosugua vichwa vya katikati ya njia, na mabehewa matano yenye bapa tano ni breki tano. Weka ubapa mmoja, uyagawie umeme mabehewa mengine kupitia kulabu zenye waya. Lakini usiwe na bapa mbili kwenye treni iliyounganishwa hivyo: ya mbele ikiwa sehemu ya njia yenye umeme na ya nyuma ikiwa sehemu iliyozimwa mbele ya signali, treni yako inabeba umeme mpaka pale ulipoukataza.

## Taa zinapepesa, au zinaungua

Zikipepesa, bonyeza paa polepole kwa kidole treni ikitembea. Zikitulia, magurudumu au bamba la kuchukulia umeme halishiki vizuri. Safisha magurudumu, kisha kunja bamba kidogo lisogee ekseli, kidogo tu, maana ukilikaza umerudi kwenye tatizo la injini kuhema. Magurudumu ya plastiki kwenye mabehewa mengine yanaokota uchafu mweusi na kuusambaza njia nzima. Unasafisha reli leo, kesho ni nyeusi.

Kama reli ni safi na bado zinapepesa, weka taa za LED zenye daraja la diodi nne (linalogeuza AC kuwa DC), kizuizi cha kupunguza umeme, na kapasita ya kuutunza kidogo. Hapa niwe mkali kidogo. Umeme wa AC wa volti 16 una kilele cha kama volti 22, kwa hiyo kapasita ya volti 16 itavimba. Tena transfoma ya zamani ya Märklin ikigeuza mwelekeo wa treni inapiga mshindo wa volti 24, kilele chake karibu 34. Watu husema "basi ya volti 35 inatosha".

Rafiki yangu wa Mombasa alinipigia simu.

"Kaka, taa zinang'aa mara moja nikigeuza, halafu zinakufa."

"Transfoma imeandikwa volti ngapi?"

"Mia mbili na ishirini."

"Zima. Chomoa kabisa."

Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Transfoma iliyosukwa kwa 220 inatoa ziada ileile upande wa pili: mshindo wa 24 unakuwa zaidi ya 26, na kilele 37. Kapasita ya 35 imeshapita mpaka. Kwa mfumo huo nunua ya volti 50. Bora zaidi, achana na transfoma ile, hasa kama waya wake umekauka na kupasuka. Ya kisasa yenye kipimo cha umeme wa nchi yako ni rahisi kuliko nyumba.

Balbu za zamani zina kosa jingine: joto. Ukiona paa limevimba au limebonyea katikati, pale chini kuna balbu. Paa halirudi, lakini ukiweka LED haliendelei.

## Madoa, ukungu, chuma kinachovimba

Ukungu mweupe kwenye madirisha ni mvuke wa gundi ya supaglu. Ukiuwahi, sugua kwa dawa ya meno na pamba. Madirisha yabandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Alkoholi usiipeleke kwenye mwili wa behewa, maandishi madogo ya pembeni yanaondoka kwa mfuto mmoja. Sponji ya ndani ya boksi ya zamani ikianza kumomonyoka na kunata, itupe siku hiyohiyo, ufunge behewa kwa karatasi laini. Ukanda wa pwani, ekseli zinashika kutu, kwa hiyo vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe.

Bogi ya chuma cha zinki ikivimba, ikipasuka kama tope la kiangazi na kubanduka vipande, huo ni ugonjwa wa aloi yenyewe: risasi iliyochanganyika kiwandani, ikichochewa na unyevu. Hauambukizi mabehewa mengine na hauna dawa. Yale mawili ya boksi langu yalikuwa hayo.

## Kabla hujatoa pesa

Njoo na rula, mizani ndogo na maltimita. Kwenye boksi tafuta alama: = ni DC, ~ ni AC. Lakini magurudumu huwa yameshabadilishwa na mwenye nalo wa zamani, kwa hiyo pima.

Silberling lenye sentimita 26.4 ni la urefu uliofupishwa kwa 1:100. Lenye 28.2 ni 1:93.5. Lenye 30.3 ni kamili. Ukiwa na kona za 360, chukua fupi bila aibu. Anayekucheka hana meza ndogo kama yako. Usichanganye tu urefu tofauti kwenye treni moja, jicho linaona.

Upana wa reli haukuambii kila kitu. Mabehewa ya Uingereza ya OO yanatembea kwenye reli ileile ya milimita 16.5 lakini ni ya 1:76, na yakikaa kando ya H0 yanaonekana manene. Reli ya milimita 12 nayo inatumiwa na TT ya 1:120 na vilevile na H0 ya njia nyembamba. Hii ya pili ndiyo unayoitaka kama ndoto yako ni reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ya mita moja: mita moja ugawe kwa 87 ni milimita 11.5. Bogi za mabehewa ya Uswisi ya njia ya mita moja, kama za kampuni ya Bemo, zinakaa humo, na sanduku la juu utalichonga mwenyewe.

Muuzaji akikuonyesha behewa, atalishika kwa ubavu ili uone rangi. Liombe, lipindue, puliza gurudumu moja moja. Linalozunguka hadi ukachoka kusubiri, hilo uliza bei.